Hilux ya zamani: soma kibati kabla ya kununua difu

Wakuu wenye Hilux za kizamani zile za kubeba dagaa kutoka soko la Kirumba, Mwanza, kabla hujaenda kutafuta difu ya mtumba (lile boksi la gia katikati ya ekseli) fungua boneti usome kibati cha kodi za gari, tafuta mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kodi ya kwanza ni ya giaboksi, mfano W56 au G52, inayofuata ndo ya ekseli. Mfano G294: G ni saizi ya krauni (gia kubwa ya ndani ya difu), inchi 8, 29 ni rashio 4.10 (propela inazunguka mara 4.10 tairi zikizunguka mara moja), halafu ile 4 ya mwisho ni pinioni (gia ndogo) nne ndani (ikiwa 2 basi mbili, na kwa mizigo yetu hii mimi nachukua nne).

Ila kibati hakijui kama difu ilishabadilishwa, na huku nyingi zishabadilishwa. Hakikisha hivi: weka mawe tairi za mbele, nyutro, hendibreki chini, piga jeki tairi moja ya nyuma, chora chaki kwenye propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda difu), zungusha hiyo tairi mara mbili kamili (mbili kwa sababu ya upande wa pili imesimama) huku mwenzako anahesabu mizunguko ya propela. Ikizidi nne kidogo tu ni 4.10. Kwa wenye foo wili, mbele na nyuma zisipofanana rashio, ukiweka foo wili kwenye lami utavunja kitu.