Umebuni stendi mpya ya baiskeli? Jinsi ya kuomba hataza ukiwa Dodoma

Katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Kongwa, baiskeli ndiyo gari la mizigo. Inabeba gunia la mahindi kwenda mashineni, inabeba madumu ya maji, mkaa, majani ya ng'ombe. Ikiegeshwa na mzigo wake inaanguka, na sababu huwa ni ile ile: mguu wa stendi una ncha ndogo, na udongo wa kichanga unaumeza. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani ni mbaya zaidi. Ndiyo maana wengi hawaiamini stendi iliyokuja na baiskeli. Wanatembea na gongo lenye panda, wanaliegemeza chini ya keria, na mzigo unatulia.

Mwongozo huu ni wa fundi, mwanafunzi au mwendesha baiskeli aliyepata njia bora kuliko gongo: amekata chuma, amechomelea, amejaribu, kitu kikasimama. Kifaa cha namna hiyo fundi mwingine anaweza kukitazama asubuhi na jioni akawa anakiuza. Haki inayomlinda mbunifu inaitwa hataza, kwa Kiingereza "patent". Kwa Tanzania Bara inaombwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217.

Kwanza, usikionyeshe

Hili ningependa lisomwe mara mbili. Sheria inataka uvumbuzi uwe mpya, na upya haupimwi kwa mtaa wako wala kwa mkoa, unapimwa kwa dunia nzima. Kitu kilichokwisha kuuzwa, kuchapishwa au kuonyeshwa hadharani kinahesabiwa kuwa kinajulikana, hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe.

Dodoma vishawishi ni vingi. Kuna viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, ambako banda lenye kitu kipya halikosi watu. Kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kuna simu iliyo mfukoni, na kuweka video kwenye status ni kazi ya dakika moja. Yote hayo ni mazuri, ila yasubiri. Namba ya maombi kwanza, banda baadaye.

Jaribio unaweza kulifanya, tena ni lazima ulifanye, lakini ndani ya ua. Kama unahitaji fundi wa kuchomelea, andikeni karatasi fupi ya makubaliano ya usiri kabla hajauona mchoro: majina, tarehe, kitu kinachotengenezwa, na ahadi kwamba hatakitengeneza wala kukieleza kwa mwingine. Wekeni saini mbele ya shahidi. Fundi muungwana hatakasirika.

Na kuwa mkweli kuhusu mchango wake. Akiwa amekata na kuchomelea kwa kufuata mchoro wako, mvumbuzi ni wewe. Akiwa ndiye aliyesema "hapa tuweke bawaba na springi ili mguu ujifungue wenyewe", na hilo ndilo lililofanya kifaa kifanye kazi, basi naye ni mvumbuzi na jina lake linatakiwa liwemo kwenye fomu. Mwajiriwa na mwanafunzi wa chuo wasome mkataba au sera ya taasisi yao mapema, kwa sababu kitu kilichobuniwa kazini au kwa vifaa vya taasisi kinaweza kuwa na mwenye haki mwingine.

Tafuta kilichopo

Stendi ya baiskeli si jambo geni. Mfaransa Albert Berruyer aliweka moja kwenye baiskeli ya zamani mwaka 1869, na tangu hapo zimebuniwa za kila namna: za mguu mmoja, za miguu miwili inayonyanyua gurudumu la nyuma kama ile ya Phoenix, za kukunja, za kujifunga zenyewe. Huwezi kuomba hataza ya "stendi". Unaomba ya tofauti yako, na tofauti hiyo huwezi kuijua mpaka umeona za wenzako.

Kutafuta ni bure. Fungua Espacenet, au PATENTSCOPE, au Google Patents, tovuti zinazokusanya hataza za nchi mbalimbali. Ukiandika maneno matupu utazama kwenye maelfu ya kurasa, kwa hiyo tumia alama za uainishaji wa kimataifa wa hataza. Stendi zinazofungwa kwenye baiskeli ziko chini ya B62H 1/00. Vifaa vya kuegeshea vinavyosimama peke yake, kama vile vyuma vya kwenye maegesho, viko chini ya B62H 3/00. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, Kichina au Kijerumani, lakini usiogope: anza na michoro. Jicho la fundi linasoma mchoro katika lugha yoyote. Hifadhi ile mitatu au minne inayokaribiana sana na kifaa chako, na pembeni ya kila mmoja andika kwa Kiswahili: huu unafanya nini, na wangu unafanya nini ambacho huu haufanyi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuandikia maombi yako.

Gongo lenye panda nalo lihesabu. Halina hataza, lakini linajulikana, na kinachojulikana hakimilikiwi na mtu.

Chagua: hataza au hati ndogo

Hataza inataka mambo matatu: upya, uwezo wa kutumika kiwandani au kwenye kazi, na hatua ya kibunifu, maana yake mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo asingeifikia moja kwa moja kutokana na yaliyopo. Sheria hiyo hiyo inatoa pia hati nyingine, ndogo kuliko hataza, kwa vifaa ambavyo ni vipya na vina matumizi lakini havikuruka mbali kutoka kwenye vilivyokuwepo. Hiyo haidai hatua ya kibunifu, na ulinzi wake ni wa muda mfupi zaidi.

Kwa maoni yangu, vifaa vingi vya kufunga kwenye baiskeli vinakaa vizuri kwenye hati ndogo. Kama ulichofanya ni kupanua ncha ya mguu wa stendi, omba hiyo. Kama umepata utaratibu mpya kabisa, kwa mfano uzito wa mzigo wenyewe ndio unaofungua na kukaza miguu, jaribu hataza.

Andika maombi

Hapa ndipo kazi ilipo. Maombi yana fomu ya ombi, maelezo, madai, michoro na muhtasari, na kati ya vyote hivyo madai ndiyo uzio wa shamba lako: kilicho ndani ni chako, kilicho nje ni cha kila mtu.

Tuchukue mfano. Tuseme umebuni mguu wa stendi wenye bamba pana linalojikunja. Baiskeli ikitembea, bamba limelala sambamba na mguu. Mguu ukishushwa, bamba linafunguka na kukaa bapa juu ya ardhi.

Kwenye maelezo eleza kwanza tatizo, kisha yaliyopo na upungufu wake, kisha suluhisho lako, kisha namna ya kulitengeneza, kwa ukamilifu kiasi kwamba fundi wa Kondoa ambaye hamjaonana aweze kulitengeneza kwa kusoma tu. Usifiche kipande cha siri. Maelezo yasiyotosha ni sababu ya kukataliwa. Weka na hesabu. Ncha ya mguu ya sentimita 2 kwa 2 ina eneo la sentimita za mraba 4. Bamba la sentimita 8 kwa 10 lina 80. Mzigo ule ule umegawanywa kwenye eneo kubwa mara 20, na mkandamizo juu ya mchanga umeshuka kwa kiasi hicho hicho. Mstari mmoja kama huo unamweleza mkaguzi wa maombi sababu ya kifaa kufanya kazi kuliko sifa za ukurasa mzima.

Sasa madai. Anayeanza huandika hivi: "Stendi ya baiskeli isiyozama kwenye mchanga." Hilo linaeleza unachotamani. Halielezi ulichotengeneza, na mkaguzi hawezi kukupa. Mwingine anakosea upande wa pili: "Stendi ya bomba la chuma la milimita 20, lenye bamba la sentimita 8 kwa 10, lililopakwa rangi nyekundu." Jirani atatengeneza bamba la sentimita 9, apake bluu, na huna la kumfanya.

Dai lenye nguvu linataja sehemu na jinsi zinavyohusiana, bila vipimo visivyo vya lazima. Kwa mfano: "Stendi ya baiskeli yenye mguu uliounganishwa na fremu kwa bawaba, ambapo mwisho wa chini wa mguu una bamba lililounganishwa kwa bawaba ya pili, na kiungo kinachounganisha bamba na fremu, hivyo kwamba mguu ukishushwa kiungo hicho huligeuza bamba mpaka likae sambamba na ardhi." Baada ya hilo panga madai madogo yanayolitegemea: stendi kama ilivyo kwenye dai la 1, ambapo bamba lina meno chini yake, stendi kama ilivyo kwenye dai la 1 au la 2, ambapo kiungo ni springi. Dai kubwa likianguka, dogo linaweza kubaki limesimama.

Andika kwanza kwa Kiswahili, lugha unayofikiria nayo, halafu itafsiriwe na mtu anayeelewa vyuma kama itahitajika. Michoro iwe ya mistari safi, kila sehemu na namba yake, na namba hizo zilingane na zile za kwenye maelezo. Picha ya simu haitoshi. Mwanafunzi wa uchoraji wa kiufundi kutoka VETA anaweza kukuchorea, naye pia akiwa amesaini karatasi ya usiri.

Wasilisha

Huna haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Fungua akaunti kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, ors.brela.go.tz, kwa kutumia namba yako ya NIDA. Jaza taarifa, pakia nyaraka, utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, lipa benki au kwa simu. Mkazi wa Tanzania anaweza kuomba mwenyewe. Anayeishi nje ya nchi ndiye anayelazimika kupitia wakala. Hata hivyo, kama mfuko unaruhusu, mlipe mwanasheria wa miliki bunifu ayasome madai peke yake. Ni sehemu moja ambayo fedha haipotei.

Hifadhi risiti na tarehe ya kuwasilisha. Tarehe hiyo ndiyo itakayoamua nani alitangulia.

Baada ya hapo

BRELA wataangalia kwanza kama nyaraka zimetimia, kisha uvumbuzi wenyewe. Ukiletewa hoja, usikate tamaa, na ujibu ndani ya muda uliotajwa kwenye barua. Hoja ya mkaguzi si kukataliwa. Mara nyingi anataka dai lipunguzwe ili lisiguse cha mtu mwingine, na hapo ile karatasi yako ya kulinganisha michoro itakufaa.

Hataza ikitolewa hudumu miaka 10 tangu tarehe ya maombi, na inaweza kuongezwa miaka 5, kisha 5 mingine, kwa sharti kwamba unaonyesha uvumbuzi unatumika nchini au una sababu ya msingi ya kutoutumia. Kuna ada ya kila mwaka. Iandike kwenye kalenda, kwa sababu haki inaweza kufa kwa kutolipiwa tu.

Haki hii haivuki maji. Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Kwa nchi jirani, kuna ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare: ombi moja linaweza kutaja Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia na Msumbiji, na linaweza kupitia BRELA. Una miezi 12, tangu tarehe ya maombi yako ya kwanza, ya kuomba kwingine ukiwa bado unahesabiwa kwa tarehe ile ile. Ikipita, nafasi hiyo imekwenda.

Ukiwa na namba ya maombi mkononi, sasa toka nje. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, uulize kuhusu mafunzo, mikopo na karakana. Tengeneza stendi chache, uwape wabeba mkaa na wauza maziwa wazitumie msimu mzima, kiangazi na masika, kwenye mchanga na kwenye tope. Wakirudi na kasoro na ukapata suluhisho lingine jipya, usilitie tu kwenye kifaa ukaanza kuliuza: liombee nalo kwanza.