Prado ya mkononi: soma chesisi kabla ya kumsikiliza dalali

Ukiingia Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya kutafuta Toyota Prado, dalali atakuanzia na pleti: "Hii namba D, bosi." Herufi hiyo ya pleti inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Prado ya 2004 iliyoingia nchini 2016 ni namba D, na ya 2009 iliyoingia siku hiyohiyo ni namba D vilevile.

Hatua ya 1: Tafuta namba ya chesisi. Piga magoti upande wa kulia, nyuma ya tairi la mbele. Namba imegongwa kwenye ubavu wa chesisi, yaani fremu ya chuma iliyobeba bodi. Gari lililotoka Makete masika litakuwa na tope lililokauka kama saruji. Lilainishe kwa mafuta ya taa na brashi ya plastiki, usikwangue kwa bisibisi. Linganisha na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Ukikuta alama ya kuchomelea, au rangi mpya hapo tu, acha hilo gari.

Hatua ya 2: Soma herufi na tarakimu za mwanzo (kwenye namba fupi za soko la Japani, mfano KDJ121). 95 ni bodi ya 1996 hadi 2002. 120 na 121 ni ya 2002 hadi 2009. 150 na 151 zinaanzia 2009. Herufi zinataja injini: KZJ na KDJ ni dizeli ya 3.0, RZJ na TRJ petroli ya 2.7, VZJ ni V6 ya 3.4, GRJ ni V6 ya 4.0, GDJ dizeli ya 2.8. GDJ ilianza 2015, kwa hiyo anayekuuzia "GDJ ya 2012" anakudanganya. Kwa huku kwetu nakushauri dizeli yenye turbo. Mbeya mjini tu tuko mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na petroli ya 2.7 ikipakia watu saba kupanda mlima Kitonga utaionea huruma.

Hatua ya 3: Hakiki mwaka. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Mingi ina lebo ya tarehe ya kutengenezwa. Mkanda ukisema 2005 na muuzaji anasema 2007, mwamini mkanda. Fundi au duka la spea lenye katalogi ya Toyota ataingiza namba ya chesisi akupe mpaka mwezi.

Kwenye 150 kuwa makini zaidi. Sura ilibadilishwa 2013, ikabadilishwa tena 2017, na watu hununua bampa, taa na grili wakaivalisha ya zamani. Dashibodi hawaigusi, ni gharama. Angalia ndani.

Hatua ya 4: Daraja, yaani kiwango cha vifaa gari lilichotoka nacho kiwandani. Nembo za nyuma zinauzwa dukani na kubandikwa na gundi. 120 ya soko la Japani yenye milango mitano ni TX au TZ, na namba yake ni fupi, mfano KDJ121 kisha kistari na tarakimu. VX ni daraja la magari ya soko la nje, ambayo namba yake ina herufi na tarakimu 17 na huanza na JT. Ukiona VX kwenye namba fupi, nembo hiyo imebandikwa.

Halafu hesabu swichi. Vifuniko vitupu vingi kwenye dashibodi ni dalili ya daraja la chini, hata viti vikiwa vya ngozi. Baadhi ya 120 za juu zilikuja na springi za upepo nyuma. Zikitoboka wengi huweka springi za kawaida za koili. Swichi ya kupandisha gari ipo lakini haifanyi kitu? Chungulia chini, kisha punguza bei.