Somo: kupiga djembe (ngoma ya Afrika Magharibi yenye umbo la kikombe) kwa mikono bila kuumiza viganja

Kila wiki swali ni lile lile: "Mwalimu, mbona viganja vinawaka na sauti haitoki?" Naandika hapa mara moja kwa wote. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Vua pete, saa na bangili.

2. Kaa kwenye ukingo wa kiti, ngoma katikati ya mapaja. Iinamishe mbele kidogo ili tundu la chini libaki wazi. Ukiliziba kwa sakafu, besi imekufa.

3. Besi, sauti nzito: kiganja chote karibu na katikati ya ngozi, kisha mkono uruke wenyewe. Mtetemo utapita mapajani, uingie tumboni, ufike kifuani. Usiende mbele mpaka umeusikia mbavuni, maana raha yote ya ngoma inaanzia hapo.

4. Toniki, sauti ya kati: vidole vimebanana, mizizi ya vidole iko juu ya ukingo, gumba liko nje.

5. Klake, sauti kali. Hapa ndipo wengi wanaumia. Mkono uko karibu pale pale pa toniki, lakini vidole vimelegea na kuachana kidogo, na ncha zake zinachapa ngozi kama mjeledi. Ukali wa sauti unatoka kwenye wepesi na ulegevu. Nguvu haina kazi hapa. Mtu akikosa klake anaongeza nguvu, bega linakaza, kiganja kinapiga mbao, na kesho yake hashiki hata kikombe. Legeza bega, kiwiko na kifundo cha mkono, piga polepole, ngoja sauti ije.

Viganja kupata joto na kuchonyota ni kawaida, tena ni utamu. Maumivu ya mfupa si kawaida: simama. Na ukipiga sana kisha mkojo ukawa mwekundu au kama chai nzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka mkononi kwa kugongwa mno. Imeshawapata wapigaji wa ngoma za mikono.

6. Imba mdundo kwa mdomo kabla ya kuupiga. Kisha kulia, kushoto, kulia, kushoto, polepole. Siku mikono itakapokwenda yenyewe na pumzi ikaifuata, utatokwa jasho na hutataka kuacha.

Maswali

Kijana wa Ndosho: Mikono inauma sana, kuna mafuta ya kupaka?
Jibu: Hatua ya 5. Isome yote.

Mgeni wa Himbi: Naweza kutumia fimbo ili nisiumie?
Jibu: Hapana. Ngozi ya mbuzi ya djembe itachanika. Fimbo ni za ngoma za Burundi, zenye ngozi nene ya ng'ombe, zilizoingia orodha ya UNESCO mwaka 2014. Ukitaka hizo, jifunze hizo.

Mama Furaha: Aksanti mwalimu. Mbona ngoma yangu asubuhi inalia vizuri, mvua ikinyesha inakuwa nzito?
Jibu: Umesikiliza vizuri, mama. Ngozi inanyonya unyevu na kulegea. Iweke mbali kidogo na mbabula wenye makala (jiko la makaa), uigeuzegeuze, uiguse kila mara: ikiunguza kiganja chako, iko karibu mno. Ikibaki nzito siku zote, kamba zinataka kukazwa.

Mgeni wa Himbi: Lakini nimeona video wanapiga djembe kwa fimbo.
Jibu: Ngoma ni yako, na ngozi utanunua wewe.

Fundi wa Bukavu: Nataka kuwamba mwenyewe. Ngozi mbichi ina hatari?
Jibu: Swali zuri sana, yaya. Usichukue ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Chukua ya mbuzi aliyechinjwa akiwa mzima na kukaguliwa. Vijidudu vya kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hukaa kwenye ngozi kavu miaka mingi, na vumbi la kunyoa manyoya ndilo linaloingia mapafuni. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma wa New York aliugua hivyo kwa ngozi zilizotoka Afrika Magharibi. Ukishapata ngozi safi, iloweke mpaka ilainike, na uti wa mgongo wa mbuzi upite katikati kabisa ya ngoma, la sivyo upande mmoja utalia tofauti na mwingine.

Fundi wa Bukavu: Na manyoya, kunyoa kabla au baada ya kuwamba?
Jibu: Mimi nanyoa baada, ikishakauka, kwa wembe mpya, nje penye upepo, pua na mdomo vimefunikwa. Usikwaruze mpaka ngozi iwe nyembamba.