Namna Halmashauri za Uingereza Zinavyoamua Nani Apewe Nyumba ya Umma

Kabla ya kujaza fomu, soma kwanza utaratibu wa ugawaji wa halmashauri yako. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996 inailazimu kila halmashauri kuwa nao, na sheria ya 2011 ikaziongezea uhuru wa kuamua nani aingie kwenye orodha. Nyingi hudai uwe umeishi eneo lao kwa miaka kadhaa.

Ukishaingia, kinachopimwa zaidi ni uzito wa haja yako. Kipaumbele hupewa wasio na makazi, wanaoishi kwa msongamano au katika nyumba mbovu, na wanaolazimika kuhama kwa sababu za afya au ustawi. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao bila kujua, kwani kuandika tu kwamba unaumwa hakutoshi: barua ya daktari ieleze kwamba mama hawezi kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, au kwamba ukungu wa chumbani unamzidishia mtoto pumu.

Halmashauri nyingi humweka mwombaji katika daraja, kisha nyumba zinapotangazwa ni juu yake kuziomba. Usiporidhika na uamuzi, omba upitiwe upya, kwa maandishi na bila kuchelewa.