Unataka kufuga saluki hapa Uganda? Soma hii kwanza

Saluki ni mbwa wa Waarabu wa jangwani, mwembamba, miguu mirefu, masikio yameshuka na kwa wengi yana manyoya marefu laini, na watu wakimwona tu kwenye picha roho inadondoka hapo hapo. Shida inaanza akishafika nyumbani, manake sisi hapa tukisema mbwa tunawaza mlinzi, wa kubweka usiku mpaka mwizi akimbie. Kama huyo ndiye unamtafuta wacha kabisa, chukua German shepherd au hata mbwa wetu wa kienyeji. Saluki akiona mgeni getini anamwangalia tu, pengine anainuka anaenda kulala chumba kingine. Si mwoga, ni kwamba wageni hawamhusu, yeye ana mtu wake mmoja au wawili ndani ya nyumba na hao wanamtosha.

Kitu cha kushika ni hiki, huyu anawinda kwa macho sio kwa pua. Kazi yake tangu zamani ni kukimbiza swala na sungura, mwenye mbwa yuko huko nyuma mbali juu ya farasi, kwa hiyo mbwa ilibidi ajiamulie mwenyewe bila kungoja amri. Tabia zake karibu zote zinatoka hapo. Ukimwita asije usidhani ni mjinga, amekusikia vizuri sana, anapima tu kama ina faida. Na akishaanza kukimbia umechelewa, rekodi ya Guinness ya 1996 ni kilomita 68.8 kwa saa, kwenye murram ya kijijini hata boda haimpati.

Sasa wewe panga nyumba kabla ya kumleta. Fensi iwe kama mita mbili kwenda juu, na isiwe seng'enge tafadhali, ngozi yake ni nyembamba sana inachanika vibaya. Halafu kuku. Kuku wa jirani wanaozurura kwenye kompaundi yako ndio kesi yako ya kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nakwambia mapema. Mtoto wa saluki aliyekulia na kuku wa nyumbani anaweza kuwazoea, lakini ni hao hao wa nyumbani, yule wa jirani akikurupuka mbio anageuka windo. Nje ya geti ni kamba siku zote, hata kama ni mtulivu, hata kama ni mara moja tu kwenda dukani. Kola iwe pana kwa sababu kichwa chake ni chembamba, kola ya kawaida anaitoa akirudi kinyumenyume. Kamba ndefu usiifunge shingoni kabisa, mfunge mikanda ya kifuani, akifyatuka halafu kamba ikaisha ghafla shingo inaumia.

Jifunze kumsoma. Anatembea vizuri tu, mdomo wazi kidogo, mara anasimama, mdomo unafungwa, masikio yanasogea mbele, shingo inapanda na mwili wote unakaza. Ukifuata macho yake utakuta mbuzi yuko mbali kule ambaye wewe hata hukumwona. Hapo una sekunde moja au mbili za kumgeuza, umwite huku unarudi nyuma na umpe kitu kitamu. Mimi natumia maini ya kuchemsha yaliyokatwa vidogo.

Kufundisha pia kuna namna yake. Dakika tano zinatosha, akianza kuangalia pembeni umemaliza. Umwite, umpe ini, halafu umwachie aendelee na mambo yake, asije akajua kwamba kuitwa maana yake ni kufungiwa. Kelele na fimbo hapana! Huyu ana moyo mwepesi, ukimpiga hasahau, anajikunja kwenye kona na hatakuamini tena kwa muda mrefu. Watoto watulivu anawapenda, wale wa kumrukia akiwa amelala wafundishe kwanza wao.

Watu watakusema unamnyima chakula. Wacha waseme, saluki mzima anaonekana mbavu kidogo na mifupa ya kiunoni, wengi wana kilo 18 mpaka 27 hivi na urefu wote ule. Ila posho (ugali) tupu haimfai, changanya na nyama au mukene (dagaa) au mayai. Mafuta mwilini hana, kwa hiyo sementi inamuumiza viwiko, mtafutie godoro, na kama uko Kabale usiku umvalishe hata sweta kuukuu. Kupe mkague kila jioni, chanjo ya kichaa cha mbwa usiruke, na siku ya operesheni mkumbushe daktari wa mifugo kwamba hana mafuta, kuna dawa za usingizi kama thiopental zinakaa mwilini mwake muda mrefu kuliko mbwa wengine.

Kama nyumbani ni Waislamu swali la mbwa kuingia ndani litakuja tu. Mabedui saluki wanamwingiza hadi hemani, na kwenye Qurani sura ya Al-Maida aya ya 4 inahalalisha windo la wanyama waliofunzwa, lakini mambo ya kumlaza sebuleni muulize sheikh wako, mimi siingii hapo. Na kwenda naye kuwinda usithubutu bila kibali, sheria ya wanyamapori ya 2019 haichezi.

Akikutoroka usimfukuze, kwake huo ni mchezo na atashinda. Geuka ukimbie upande mwingine huku unamwita kwa furaha, au kaa chini, wengi wanarudi kuona una nini. Akipotelea mbali acha shati lako ulilovaa na maji pale pale alipoondokea, mtu mmoja abaki hapo wengine waulize stage za boda. Na akirudi, hata kama ni baada ya masaa na umechemka kwa hasira, mpe ini lake kama kawaida.