Valvu za redio za zamani: namna ya kuzikusanya na kuzisoma

Wakuu, wengi mnaniuliza namna ya kukusanya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vilivyomo ndani ya redio za zamani, nami nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja. Nipo Kigoma mjini. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Ulizia redio za mbao kwa mafundi wazee na kwa wastaafu wa reli.

2. Usiichomeke kwenye umeme. Kapasita (vifaa vya kutunza chaji ya umeme) zimeshachoka, na redio zenye valvu ambazo jina lake linaanza na U, chesisi yake (fremu ya chuma ya ndani) mara nyingi imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani.

3. Piga picha ya kila valvu ilipo kabla ya kuing'oa.

4. Ing'oe wima, taratibu, ukiishika chini.

5. Kusafisha. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilipata valvu aina ya EL84, ya kampuni ya Mullard, kwenye redio ya mzee mmoja wa Ujiji, imejaa masizi. Nikaifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Jina na nembo vyote vikahamia kwenye kitambaa. Kilichobaki ni ile alama ndogo ya kijivu chini ya kioo, ambayo haitoki kirahisi. Inaniuma mpaka leo. Usitumie spiriti wala maji ya sabuni, usisugue hata kwa kidole. Tumia brashi laini, kavu, na ukifika kwenye maandishi yapite pembeni. Spiriti ni ya pini tu.

6. Soma jina. Kwa mfumo wa Ulaya wa 1934, ECC83 ni hivi: E ni volti 6.3 za kupashia moto, C mbili ni triodi mbili (triodi ni valvu yenye elektrodi tatu), 8 ni kitako cha pini tisa. Triodi yenyewe ilianza na Lee de Forest wa Marekani, 1906.

7. Andika daftarini ilikotoka. Muulize mwenye redio angali hai.

MASWALI

Swali: Mkuu, ni kweli zina zebaki nyekundu, ile inayosemwa ina thamani kubwa? Kuna mtu ananunua.
Jibu: Hapana. Ni matapeli hao. Usivunje valvu.

Swali: Ninayo moja, bei gani?
Jibu: Namba gani? Rudi hatua ya 6.

Swali: Shikamoo. Yangu ina doa jeupe juu, nyingine zina doa la fedha. Kwa nini?
Jibu: Marahaba, umeangalia vizuri. Doa la fedha ni bariamu, kazi yake kunasa hewa iliyosalia ndani. Likigeuka jeupe, hewa imeingia. Haitafanya kazi tena, lakini itunze, jina lake bado linasomeka.

Swali: Babu alikuwa na redio ya betri iliyoletwa na meli kutoka Mpulungu, bandari ya Zambia, umbo kama sufuria. Naulizia tu.
Jibu: Ndugu yangu, ifungue leo! Rodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa, ilianza kuuziwa redio za namna hiyo mwaka 1949, kasha la alumini, valvu nne. Tafadhali tuwekee picha.

Mchango kutoka Tabora: Maandishi yakififia, ipulizie pumzi ya mdomo. Ukungu ukishika kioo, herufi hujitokeza kwa sekunde chache.
Jibu: Nimejaribu sasa hivi kwa ile EL84. Nimeona M na L! Ahsante sana. Na mimi nawapa langu: zihifadhi kwenye trei za mayai, pini zikiangalia juu.