Dar hadi Kazungula kwa gari lako: tairi, breki na karatasi

Kutoka Dar es Salaam hadi daraja la Kazungula, Zambia inapopakana na Botswana, ni kama kilomita 2,500: takriban 930 hadi Tunduma, 1,000 na ushee hadi Lusaka, na 550 hivi kupitia Livingstone. Kote huko ni lami na tunaendesha kushoto, kwa hiyo huhitaji gari la ajabu. Noah iliyotunzwa itafika. Prado yenye matairi ya mtumba inaweza kuishia Chalinze ikitafuta fundi.

Kwenda na kurudi ni kilomita 5,000, umbali ule ule ambao oili ya kawaida hutakiwa kubadilishwa. Mwaga oili na uweke filta mpya wiki moja kabla, siyo jioni ya kuamkia safari, ili kama nati ya kumwagia inavuja uione ungali nyumbani. Fundi akague pia boljointi, bushi, fen belti na hosi za rejeta.

Kwenye tairi usione uvivu. Soma tarakimu nne ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililozidi miaka sita liache, hata kama halijawa kipara. Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, basi kama maandishi hayasomeki tafuta namba: 220 kPa ni PSI 32. Pima alfajiri gari likiwa halijatembea, tena kwa geji yako mwenyewe. Upepo ukiwa pungufu, ubavu wa tairi hukunjika na kukunjuka kila mzunguko, unachemka, na hapo ndipo hupasuka. Ukipima Morogoro mchana ukakuta umepanda PSI 4, usiutoe. Ni joto tu. Spea nayo ijazwe. Kisha inua gari kwa jeki likiwa na mizigo yote, ulegeze nati zote za gurudumu moja. Afadhali ugundue uani kwako kwamba spana haiingii kuliko Mikumi.

Mikumi pita mchana. Barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, mwendo mwisho 70, na anayegonga mnyama hulipa faini kulingana na aina ya mnyama. Ukitoka Dar saa kumi alfajiri, kabla foleni ya Kimara na Kibaha haijafunga, utalala Iringa bila kukimbizana na jua. Vijijini ni 50, na kibao cha 50 kina nguvu mpaka ukutane na cha kukifuta. Trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wanalijua hilo kuliko wewe.

Baada ya Ruaha Mbuyuni unaikuta Kitonga, mlima mkali wenye kona nyingi. Kupanda, zima eisii, shika gia ndogo na usilazimishe kulipita lori konani. Mshale wa joto ukipanda, washa hita: inaondoa joto kwenye injini, ingawa ndani mtaungua. Ukipata pa kusimama, acha injini iungurume taratibu, na kifuniko cha rejeta usikiguse. Maji yaliyo chini ya presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanakurukia usoni. Mafundi wengi wa Dar huchomoa thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kujaza maji ya bomba. Dawa hiyo ni ya foleni ya Ubungo. Kwenye baridi ya Makambako injini haifikii joto lake na inakula mafuta, na maji matupu huleta kutu inayoziba rejeta. Rudisha thamostati, weka koolanti.

Kitonga ya kurudi ndiyo yenye hatari. Shuka na gia ya 2, au L kwa gari la otomatiki. Kanyaga breki kwa nguvu, punguza mwendo, achia. Anayeikanyaga bila kuachia huchemsha brekifluid, mapovu hujaa kwenye mabomba na pedali huzama. Fluid hunyonya unyevu wa hewa, na Dar unyevu si haba, hivyo ikizidi miaka miwili imwage.

Ukiona matawi mabichi yametandazwa barabarani, mbele kuna lori bovu. Lori likiwasha indiketa ya kulia linakuambia usitoke. Ya kushoto, njia nyeupe. Hata hivyo chungulia mwenyewe.

Kadi za njano ni mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, inayoanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Nyingine ni bima ya COMESA, ya kuvukia mipaka, ipate kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Inafanya kazi Zambia, lakini Botswana utakata bima yao mpakani. Kama kadi ya gari haina jina lako, beba barua ya mwenye gari iliyogongwa muhuri na wakili. Zambia wanataka pembetatu mbili, na vibandiko vya kuakisi: vyeupe mbele, vyekundu nyuma.

Lala Mbeya, ufike mpakani asubuhi. Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, ni kituo cha pamoja: anayetoka Tanzania hugongewa mihuri yote upande wa Nakonde. Vishoka, mawakala wasio rasmi, watakusindikiza wakidai bila wao hupiti. Unapita. Kibali cha muda cha gari cha Zambia kisome hapo hapo dirishani, namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu, maana kosa moja litakurudia siku ya kutoka. Jaza tangi Tunduma. Hadi Mpika ni kilomita 370 hivi, na gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 litamaliza lita 45. Saa nayo rudisha nyuma saa moja.

Kazungula, tangu daraja lifunguliwe Mei 2021, hakuna tena kungoja pantoni. Kibali cha Zambia kifungwe hapo. Nyama mbichi na maziwa vimalizeni kabla, kwa sababu Botswana huvichukua kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mnaweza kuambiwa mkanyage dawa kwa viatu vyote, hata vilivyo kwenye begi.